Dondoo muhimu: Matofali ya utotoni yarudi mezani

Katoni ya Lego iliyosahaulika darini Nyeri tangu shule ya msingi bado ina kazi: tofali lililoombewa hataza nchini Denmark Januari 28, 1958 hushikana na la leo.

Matofali yaoshwe kwanza kwa maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40, kisha yaanikwe kivulini. Ekseli ndizo zenye usumbufu. Nywele na nyuzi za zulia hujisokota humo hadi gurudumu ligome. Kijiti cha meno huzichokoa.

Gari la kuanzia liwe dogo, upana wa vinundu 4 vya juu ya tofali. Anayetaka matatu ya kutoka Karatina hadi Nanyuki apanue hadi vinundu 6, apandishe paa, halafu apitishe mstari wa manjano ubavuni kwa vibamba. Mstari huo ulitokana na kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Bila huo, hilo ni gari la mtu binafsi tu! Vibamba 3 hutoshana na kimo cha tofali 1, kwa hiyo kimoja cha manjano huacha nafasi ya viwili vya kuziba.

Gurudumu likikosekana, malapa makuukuu yaliyokatwa duara yanafaa, kama kwenye magari ya waya.