Miwani ya Namba Kubwa na Afya ya Retina: Mwongozo kwa Wafanyakazi

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi ambaye miwani yake ya kuonea mbali imefika namba −6.00 au kuzidi, awe dereva, fundi cherehani au karani. Kusoma herufi zote za ubaoni siku ya kupimwa afya kazini hakutoshi: ubao hauonyeshi hali ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Jicho lenye namba kubwa kama hiyo aghalabu huvuka milimita 26. Jicho likirefuka, retina huvutika na kuwa nyembamba. Pembeni inaweza kuchanika. Katikati, sehemu tunayoitumia kusomea, panaweza kutokea nyufa, vimishipa dhaifu vinavyovuja damu, au sehemu ya utando kufa polepole. Upasuaji wa leza wa kuondoa miwani haufupishi jicho, kwa hiyo aliyefanyiwa naye anahusika, ingawa wengi wao hujiona wamepona.

Ukiona vimulimuli vya mwanga, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kivuli kama pazia upande mmoja, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Usingoje maumivu, retina haiumi inapochanika. Mpasuko ukiwahiwa huweza kuzibwa kwa leza, lakini retina ikishabanduka huhitaji upasuaji mkubwa zaidi.

Kila wiki, ukiwa na miwani yako ya kusomea, funika jicho moja utazame mistari ya daftari, kisha ubadilishe, kwa kuwa jicho zima huficha kasoro ya mwenzake. Mistari ikipinda au ikikatika katikati, usichelewe. Mishipa inayovuja hutibiwa kwa sindano ndani ya jicho. Sehemu iliyokwisha kufa hairudi.

Omba uchunguzi wa retina kwa matone ya kupanua mboni angalau mara moja kwa mwaka, au kama daktari atakavyopanga. Matone hayo hutia ukungu kwa saa kadhaa, hivyo dereva na mwendesha mashine wapewe ruhusa ya siku nzima. Ruhusa ya saa mbili haitoshi. Kazini nako, palipo na vipande vinavyoruka, vaa miwani ya kinga.

Hifadhi kadi zako za zamani za vipimo. Siku utakapohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho au wa leza, mwonyeshe daktari namba uliyokuwa nayo.