Jua Uchafu Kabla ya Kuchagua Dawa: Brashi na Viyeyushi vya Kusafisha Mtutu wa Bunduki

Katika ziara ya kikazi upande wa Wamba mwaka uliopita, nilimkuta mzee mmoja wa polisi wa akiba ameketi chini ya mgunga akisafisha bunduki yake. Kando yake kulikuwa na chupa ya soda iliyojaa kitu cha rangi ya manjano, na hatua chache kutoka hapo mama wa boma alikuwa akichochea moto wa chai.

"Mzee, hiyo si petroli?" nilimuuliza.

"Ndiyo, kijana wangu. Hii inatoa uchafu haraka. Kila nikipiga risasi nasafisha siku hiyo hiyo, halafu napaka oili. Lakini angalia mwenyewe."

Alinipa niangalie ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Kulikuwa na vishimo vya kutu, vingine vikubwa kiasi cha kuonekana bila shida. Ilikuwa bunduki ya .303, ile ambayo wengi huiita Mark 4. Baadaye ilirudishwa kituoni, na mzee akabaki bila silaha wakati wa kiangazi, msimu ambao mifugo huwa mbali na nyumbani na wezi huwa karibu.

Mzee huyu hakuwa mvivu. Alisafisha kila mara, lakini kwa dawa isiyofaa uchafu uliokuwemo. Hilo ndilo somo letu katika toleo hili.

Kwa nini serikali ya kaunti inazungumzia bunduki?

Polisi na leseni za silaha ni kazi ya serikali ya kitaifa. Hata hivyo, kaunti zinazosimamia hifadhi za wanyamapori, kama Samburu, Isiolo na Narok, zina walinzi wa hifadhi wanaobeba silaha kazini. Polisi wa akiba, wanaotambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, nao ni majirani zetu. Bunduki ikisafishwa nyumbani, jamaa nzima iko karibu: watoto, moto wa jikoni na maji ya mifugo.

Makala haya ni ya wale walio na idhini. Hayampi mtu yeyote ruhusa ya kumiliki bunduki bila kibali. Aliye na silaha haramu anashauriwa kuisalimisha kwa polisi au kupitia chifu wake.

Kwanza usalama, ndipo usafi

Kabla ya kugusa brashi, toa magazini, fungua boliti, kisha angalia ndani ya chemba kwa macho na uihakikishe kwa kidole. Rudia mara ya pili. Peleka risasi zote mahali pengine, mbali na unapofanyia kazi. Elekeza mdomo wa mtutu upande usio na mtu wala nyumba, na uwaondoe watoto. Fanya kazi hii nje, penye hewa, mbali na jiko, sigara na taa ya koroboi.

Aina nne za uchafu ndani ya mtutu

Mtutu wa bunduki si bomba laini. Ndani yake mna mifereji iliyokatwa kwa msokoto ili risasi izunguke na kwenda sawa. Uchafu hukwama katika mifereji hiyo, na si wa aina moja.

*Masizi.* Haya ni mabaki meusi ya baruti iliyoungua. Huonekana mara moja kwenye kitambaa. Yakirundikana kwenye chemba, ganda la risasi hukataa kutoka.

*Shaba.* Risasi nyingi za kijeshi zina ganda la nje lenye shaba. Inapopita kwa kasi huacha michirizi myembamba ndani ya mtutu. Ikizidi sana, bunduki huanza kukosa shabaha.

*Risasi laini.* Hapa tunamaanisha madini yenyewe ya risasi, yale yasiyovikwa shaba. Hupatikana zaidi kwenye bunduki ndogo za .22 na zile za marisau. Madini haya ni sumu mwilini, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

*Chumvi.* Huu ndio uchafu uliomshinda mzee wetu, kwa sababu hauonekani. Risasi nyingi za zamani za kijeshi, zikiwemo za .303, zilitengenezwa kwa fataki zenye kemikali ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani. Hata huku kwetu kukavu, umande wa alfajiri unatosha. Ndani ya siku chache kutu huanza kula chuma.

Chumvi haiyeyuki kwa petroli, wala kwa mafuta taa, wala kwa oili ya bunduki. Ukipaka oili juu yake, unaifunika tu iendelee kula chini kwa chini. Chumvi huyeyuka kwa maji. Kila mama anayepika analijua hilo, lakini wanaume wengi wenye bunduki huogopa maji kuliko kutu yenyewe.

Kuchagua kiyeyushi

*Maji ya moto* ni ya chumvi. Ukiwa umetumia risasi za zamani, chemsha maji lita 1 au zaidi, na kwa faneli uyamimine kutoka upande wa chemba yatokee mdomoni mwa mtutu. Linda sehemu za mbao, na ushike kwa kitambaa kinene kwani chuma hupata moto. Joto hilo lina faida: mtutu hukauka haraka wenyewe. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu kabisa, ndipo uendelee na masizi. Tunajua maji ni haba, lakini lita hiyo moja huokoa mtutu.

*Kiyeyushi cha masizi* kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki ndicho bora kwa kazi ya kawaida. Kama hakipatikani, mafuta taa safi hulainisha masizi vizuri, ila lazima yafutwe yote kisha mtutu upakwe oili, kwa sababu yenyewe hayakingi kutu kwa muda mrefu.

*Kiyeyushi cha shaba* mara nyingi huwa na amonia, na utakitambua kwa harufu kali. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, shaba inayeyuka. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, usikiache usiku kucha. Usikichanganye na dawa nyingine, hasa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Anayepiga risasi chache kwa mwaka hahitaji dawa hii kila mara.

*Oili ya bunduki* si dawa ya kusafishia. Kazi yake ni kulinda chuma kilichokwisha kusafishwa. Ipake nyembamba. Katika maeneo ya vumbi kama yetu, oili nyingi hukamata mchanga na kuugeuza kuwa msasa.

Vitu vya kuepuka ni hivi:

- Petroli: mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na husafiri chini kwa chini mpaka kwenye jiko. Mafuta taa ya kawaida huhitaji joto la takriban nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake uwake, lakini nayo yasikaribie moto.
- Oili chafu ya gari: ina masizi, asidi na chembe za chuma.
- Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: hula chuma.
- Msasa na mchanga: hukwangua mifereji, na mtutu uliokwanguliwa haurudi.

Kuchagua brashi

Zingatia mambo mawili: ukubwa na kitu kilichotumika kuitengeneza.

Kwa ukubwa, brashi ilingane na mtutu. G3 hutumia risasi ya 7.62×51, na AK-47 ya 7.62×39. Risasi hizo hazibadilishani, lakini brashi ya 7.62 hutosha mitutu yote miwili, na pia ile ya .303. Brashi sahihi huingia kwa kusukuma kwa nguvu kiasi. Ikipita bila kugusa, ni ndogo au imechakaa. Ikihitaji kugongwa kwa nyundo, si yake.

Kwa kitu kilichotumika, kuna aina tatu zinazofaa.

*Bronzi*, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ni imara kwa masizi magumu lakini ni laini kuliko chuma cha mtutu, hivyo haikwaruzi. Hii ndiyo brashi ya kazi nyingi.

*Nailoni* ni laini zaidi. Itumie pamoja na kiyeyushi cha shaba. Sababu ni rahisi: dawa inayokula shaba itakula pia brashi ya bronzi, na kitambaa kitatoka na rangi ya kijani hata kama mtutu ni safi. Utasugua siku nzima ukidanganywa na brashi yako mwenyewe.

*Pamba au manyoya* ni ya kupaka oili mwishoni, si ya kusugua.

Brashi ya waya wa chuma, kama ile ya kuondoa rangi kwenye mageti, isiingie ndani ya mtutu. Hata AK-47, ambayo kwa kawaida mtutu wake umepakwa kromu ndani, haifai kusuguliwa hivyo. Kromu husaidia dhidi ya kutu, lakini si kinga kamili.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha bunduki haina risasi. Ifungue kadiri ulivyofunzwa.
2. Kama ulitumia risasi za zamani, anza na maji ya moto, kisha ukaushe.
3. Pitisha kitambaa chenye kiyeyushi cha masizi. Subiri dakika chache kilainishe.
4. Pitisha brashi ya bronzi, mara kama 10. Iache itokeze kabisa upande wa pili kabla ya kuirudisha. Usigeuze katikati, kwani nyuzi zake hupinda na brashi yaweza kukwama.
5. Pitisha vitambaa safi mpaka kitoke bila weusi.
6. Safisha chemba kwa makini. Chemba ya G3 ina mifereji midogo ya kusaidia ganda kutoka, na ikijaa masizi ganda hung'ang'ania.
7. Pitisha kitambaa chenye oili kidogo.
8. Angalia ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Lazima uone tundu zima. Kipande cha kitambaa kilichosahaulika humo kinaweza kupasua mtutu usoni pako.
9. Kesho yake angalia tena. Kitambaa kikitoka na rangi ya kutu, rudia.

Inapowezekana, safisha kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni. Bunduki ya .303 huruhusu hivyo boliti ikitolewa, na ndiyo maana hutumiwa kamba yenye uzito wa kuvuta kitambaa. AK-47 husafishwa kutoka mdomoni kwa ufito wake, kwa hiyo tumia kifuniko cha kile kikopo cha vifaa kuongoza ufito usikwaruze mdomo wa mtutu. Mdomo ukilika upande mmoja, risasi hupotea njia.

Siku ya kutumia silaha kazini, futa oili iliyobaki ndani ya mtutu na chemba kwa kitambaa kikavu.

Baada ya kazi

Usimwage kiyeyushi kwenye laga, karibu na kisima wala kwenye birika la mifugo. Usitupe vitambaa vyenye mafuta jikoni. Viweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, mbali na nyumba. Usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda au ya maji, maana mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Ukiona vishimo, ufa au uvimbe kwenye mtutu, usiipeleke bunduki kwa fundi wa jua kali wala usijaribu kuikwangua. Usiitumie. Ripoti kwa OCS au kiongozi wako wa kazi ili ikaguliwe na fundi wa silaha.

Jipime

1. Ni uchafu gani usiotoka kwa petroli wala oili? *Chumvi. Hutoka kwa maji ya moto.*
2. Ni brashi gani hutumika na kiyeyushi cha shaba? *Nailoni.*
3. Kwa nini tunaangalia mtutu dhidi ya mwanga mwishoni? *Kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani.*
4. Chupa ya soda ina kosa gani? *Mtoto anaweza kunywa kilichomo.*

Nilipopita tena Wamba, mzee yule alinionyesha sufuria ndogo nyeusi iliyotengwa kando ya boma. "Hii haipiki chai," alisema. "Ni ya bunduki, wakinirudishia." Ndugu mkaazi, kama kwenu kuna mlinzi wa hifadhi au polisi wa akiba, msomee makala haya. Kwa maelezo zaidi, fika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.