Mértola: Kabla Hujapanda Kilimani

Mértola ni mji mdogo wa Ureno ulio juu ya mto Guadiana, karibu na mpaka wa Hispania. Treni haifiki. Mji mkubwa wa jirani ni Beja, kilomita 50 hivi, na mabasi ni machache, hasa wikendi. Uliza saa za kurudi kabla hujaondoka, au kodi gari.

Epuka Julai na Agosti, joto linapoweza kupita nyuzi 40. Aprili na Mei ndiyo miezi mizuri. Tamasha la Kiislamu hufanyika Mei, kila baada ya miaka miwili. Ukilifuata, weka nafasi ya kulala mapema.

Usilipite kanisa kuu, hata kama una saa moja tu. Lilikuwa msikiti, uliojengwa karne ya 12. Wakristo waliuteka mji mwaka 1238 wakaugeuza msikiti huo kuwa kanisa bila kuubomoa. Milango ya matao ingalipo, na nyuma ya madhabahu kuna mihrabu inayoonekana wazi. Aliyewahi kuingia misikiti ya kale ya Kilwa ataitambua mara moja. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha safari.

Juu ya kanisa kuna ngome yenye mnara wa mwaka 1292. Vaa viatu visivyoteleza, maana njia ni za mawe na mwinuko ni mkali.

Viza ya Schengen inatosha pande zote mbili za mpaka, lakini tembea na pasipoti.