Kikoi Kinachofuliwa Kabla ya Alfajiri

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mtu mzima wa miaka 54, mkazi wa Malindi, niliyeoa miaka 29 iliyopita na kuruzukiwa watoto watano. Binti yangu wa kwanza ni muuguzi huko Kilifi. Mwezi uliopita alikuja nyumbani akanikabidhi, mbele ya mamake, kichupa chenye kijiti, akaniambia nitie humo choo changu kidogo apeleke kikapimwe saratani ya utumbo, eti kwa kuwa nimepita miaka 45 na kwa kuwa marehemu kaka yangu alifariki kwa maradhi ya tumbo. Kaka yangu alikuwa na bawasiri tu, na saratani hiyo tumesikia ni maradhi ya Wazungu kama hawa Wataliano wa hapa. Kichupa nimekiweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo mke wangu yuko upande wa binti yake, na hata huniuliza mbona siku hizi nafua vikoi vyangu mwenyewe kabla ya alfajiri, kana kwamba mwanamume kujitwaharisha kwa ajili ya sala ni kosa. Je, binti aliyemtamkia babake maneno ya choo hakuvunja adabu? Nami nimrudi vipi pasi na kumvunja moyo?

Baba Mwenye Haya, Malindi

(Barua imefupishwa. Malalamiko juu ya vijana wa leo, yaliyojaza kurasa mbili, nimeyaacha.)

Ndugu yangu, umeniuliza juu ya adabu ya binti, nami nitakujibu kwa neno moja ili tupate wasaa wa mambo mengine: hakuivunja. Lililonishughulisha katika waraka wako si kichupa wala kijiti, bali ni kikoi, ambacho umekitaja kwa kupitia tu, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mdai wake, na ambacho, lau usingekuwa umechoka kukibeba peke yako, usingekitaja kabisa.

Nimezaliwa katika pwani hii na humu nimekulia, na katika umri wangu wote sijapata kumwona mwanamume mwenye ndoa ya miaka 29 akiamka gizani, akachota maji kwa hadhari ndoo isigonge ukingo wa karo, akafua kikoi kimoja, akakianika nyuma ya nyumba ambako hapana apitaye, kwa sababu ya kupenda usafi tu. Mwenye kuitwaharisha nguo kabla ya sala huondoa najisi, na najisi haiji nguoni bila ya kutoka mahali. Umeona damu, bwana. Umeiona si mara moja wala mbili, maana mkeo asingeuliza "mbona siku hizi" kama jambo lenyewe lilikuwa la juzi. Barua yako yote, pamoja na hasira zake juu ya malezi, ni pazia ulilolitundika mbele ya neno hilo moja usilotaka kulitamka.

Wasema ni haya. Basi na turudi chuoni. Wewe na mimi tulikaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, tungali watoto wa miaka tisa au kumi, tukasomeshwa Safina, na katika milango ya mwanzo ya kitabu kile tukafundishwa mambo ya udhu na ya josho, choo na mkojo na damu za kila namna zikitajwa kwa majina yake, nasi tukayakariri kwa sauti moja, wavulana kwa wasichana, hata wapita njia wakatusikia. Wala mwalimu hakucheka, wala wazee waliokaa barazani hawakuziba masikio. Hukumu za vitu vile tulizijua kabla ya kuvijua vyenyewe. Wazee wale walikuwa na staha kutushinda sisi, na heshima zao zilikuwa hazigusiki, walakini hawakuona fedheha kumwambia mtoto kinachotoka mwilini mwake. Ni ajabu basi kwamba ulilolisema kwa sauti ukiwa na miaka tisa limekushinda kumnong'oneza mkeo ukiwa na miaka 54.

Hapa ndipo nitakapokulaumu hasa. Binti yako alikuletea kipimo kile kwa dhana ya kuwa u mzima. Kile ni kipimo cha watu wasio na dalili yoyote, chenye kutafuta damu kidogo isiyoonekana kwa jicho. Na mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2018 umewausia Wakenya wa miaka 45 hadi 75 wapimwe kwacho kila mwaka, au watazamwe ndani ya utumbo kwa kamera kila baada ya miaka 10, hata kama siha yao ni ya kupigiwa mfano. Wewe waiona damu kwa macho yako mawili kabla jua halijachomoza. Kichupa kitakwambia nini ambacho kikoi hakijakwisha kukwambia? Wewe umekwisha kuupita mlango wa kichupa. Njia yako ni kwa tabibu, na kutoka kwa tabibu ni kwa kamera. Nalo ni jambo la kushukuru kwamba hukukijaza kisha ukanyamaza juu ya damu kwa kuona haya, kwa sababu uvimbe wa saratani hautoki damu kila siku, na lau jibu lingerudi kuwa hapana kitu, ungelivaa jibu hilo kama hirizi, na mwanao angedanganyika pamoja nawe, naye amesomea kazi hiyo ili asidanganyike.

Huenda ikawa ni bawasiri. Nasema hivyo kwa insafu, kwani wengi watokwao na damu huwa ni bawasiri au mpasuko mdogo usio na neno. Lakini hapana jicho la mwanadamu liwezalo kupambanua damu ya bawasiri na damu ya saratani kwa kutazama nguo, na mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili. Kaka yako, waniambia, alikuwa na bawasiri tu. Nani alisema? Alitazamwa na nani, na kwa chombo gani? Barua yako haisemi, nami nakisia kwamba hakutazamwa na mtu yeyote, bali alipewa jina la bawasiri kwa sababu ndilo jina tulilonalo pwani kwa kila damu ya mahali pale, akalibeba hadi kaburini.

Alipokwisha kuzikwa, bila shaka mlikaa kitako kugawana alichokiacha. Nazijua kazi hizo: huitwa mtu ajuaye faraidhi, minazi ikahesabiwa mmoja mmoja, mwembe ulio mpakani ukazozaniwa, mjane akapewa thumni yake, na kila mrithi akaondoka na haki yake hata shilingi isipotee. Kitu kimoja hakikugawanywa, nacho ni jina la maradhi yaliyomuua. Kwa itikadi yangu, ambayo wasomaji wa safu hii wameisikia mpaka wengine wameichoka, jina la maradhi ni sehemu ya mirathi, na mwenye kulificha amewanyima warithi wake haki iliyo kubwa kuliko shamba. Nyinyi ni ndugu wa tumbo moja, na ndugu wa tumbo moja hawashirikiani sura na sauti peke yake. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani hii, hatari yake hukaribia kuwa maradufu ya watu wengine, na matabibu humtaka aanze kutazamwa kwa kamera atimizapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa yake alipatikana nayo, lolote litakalotangulia. Laiti jina lile lingalijulikana, nalo likawa ni la saratani hii, binti yako asingalikuletea kichupa. Angalikuletea barua ya kwenda kutazamwa kwa kamera Mombasa.

Simlaumu marehemu, Mungu amrehemu; aliona haya kama uonavyo wewe. Lakini una watoto watano, na siku moja tabibu atawauliza, "Babenu aliugua nini?" Wajibu nini? Kwamba alikuwa msafi mno, akifua mwenyewe?

Ama hayo ya Wataliano, yana asili yake, nami sitayacheka. Tabibu mmoja wa Ireland, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na ambaye jina lake limebakia katika uvimbe wa taya za watoto aliouchunguza huko, aliona kwamba saratani ya utumbo ilikuwa nadra sana kwa watu wa shamba wa Afrika ilhali katika nchi za Ulaya na Marekani ilikuwa nyingi, akaandika hayo katika mwaka 1971. Aliposikiwa, watu wakashika nusu ya maneno. Hakusema kwamba utumbo wa mtu mweusi umekingwa; alitazama sahani, akaona vyakula vyenye kapi na nyuzinyuzi, akadhani ndizo ngao. Sasa itazame sahani yako ya leo. Sima ya mahindi yaliyosagwa na kapi lake, kwa mchunga ule mchungu waupendao Wagiriama, umeila lini mara ya mwisho? Mchana ni wali mweupe, jioni ni viazi karai na soda, na safari ya hatua mia mbili huiendea kwa bodaboda. Tumekula chakula cha Wataliano, tena kibaya chao, kisha tukadai kinga ya babu zetu. Duniani leo saratani hii ni ya tatu kwa wingi na ya pili kwa kuua.

Na iko namna ya ajabu ya ugonjwa huu ambayo lazima uifahamu, kwani ndiyo iliyomfanya binti yako akuletee kichupa ungali waonekana mzima. Aghalabu huanza kuwa kijinyama kidogo kilichoota katika ukuta wa ndani wa utumbo, kisichouma wala kujulisha, nacho huchukua muda wa miaka kama 10 kabla ya kugeuka kuwa saratani; na katika muda huo wote, akipatikana wa kukiona, hukikata palepale na habari ikaisha. Hata kikiwa kimekwisha kugeuka, wapatikanao ugonjwa ungali ndani ya utumbo, kwa hesabu za Marekani, 9 katika kila 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Wapatikanao umekwisha kufika ini na mapafu, hawafiki 2 katika 10. Kwa hiyo kila alfajiri unayofua, wanunua aibu yako kwa bei ambayo huijui.

Mheshimiwa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alikuwa na cheo cha kulinda na mahasimu wa kumcheka, naye aliutangazia umma kwamba ana saratani ya utumbo na kwamba imejulikana ikiwa imekwisha kuenea. Alifariki tarehe 26 Julai 2019, na umri wake ulikuwa miaka 41. Sijasikia mtu aliyemdharau kwa kulitaja jina lile. Nimesikia waliokwenda kupimwa kwa sababu yake.

Nami sikuagizi nisikokwenda. Nilitazamwa kwa kamera katika hospitali moja ya Mombasa, na siku ya kutangulia nilikunywa maji na turungi bila ya kula, na nikakatazwa sharbati nyekundu isije ikadhaniwa damu, kisha nikanywa dawa ya kusafisha tumbo ambayo ladha yake ni maji ya bahari yaliyotiwa limau, na usiku ule choo kilikuwa ndiyo makao yangu. Asubuhi tulikuwa wanaume sita juu ya ubao mmoja, na kila mmoja wetu alikuwa ameikunja karatasi yake maandishi yakawa ndani. Hapana aliyemtazama mwenzake, mpaka mzee mmoja wa Takaungu akauliza kwa sauti ya mnadani, "Jamani, nyote mmeinywa ile shubiri?" Tukacheka hata muuguzi akatoka kututazama. Nilipigwa sindano ya usingizi, nilifunikwa kwa staha kuliko nilivyofunikwa katika nguo zangu mwenyewe, na nilipoamka nikaambiwa vimekatwa vijinyama viwili vya kadiri ya punje ya mbaazi, ambavyo sikupata kuvihisi hata siku moja.

Mengine ni mepesi. Ukitaka tabibu mwanamume, mwombe. Gharama ziulizie kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, kabla ya kufunga safari. Dawa za miti za bawasiri uziweke kando mpaka upate jibu. Usiende peke yako, kwani sindano ile humwacha mtu na kizunguzungu, na hawatakuachia utoke bila ya wa kukushika mkono.

Adabu uliyoniuliza iko upande wako. Mpigie simu binti yako leo kabla ya isha, umwambie habari ya damu: tangu lini, mara ngapi, na rangi yake, na kama choo chako kimebadilika au mwili umepungua, kisha umwachie aipange safari, maana hiyo ndiyo kazi yake. Na kile kichupa usikitupe. Kiteremshe juu ya kabati ukampe mkeo, ambaye kwa miaka 29 ya ndoa hakosi kuwa amepita 45, na ambaye, kwa nijuavyo, hajafua kikoi cha mtu yeyote kwa siri. Yeye ndiye kimfaaye.