SOMO: Mlevi anapoacha ghafla, kwa nini anatetemeka?

Leo tunajifunza juu ya jambo ambalo familia nyingi hapa kambini zimeliona. Baba aliyekunywa miaka mingi anaamua kuacha. Siku ya pili anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea na watu wasiokuwepo. Majirani wanasema ni pepo. Wengine wanasema ni pombe inamdai. Hao wa pili wako karibu zaidi na ukweli.

Kasiksi, bia, gongo, lutuku, waragi: majina ni mengi, kilevi ni kilekile. Kutoka tumboni kinaingia katika damu, na kwa dakika chache kimefika kwenye ubongo. Huko kinapunguza mwendo wa kazi. Sehemu ya mbele, inayopima maneno kabla hatujayasema, inalegea mapema. Ndiyo maana mtu mpole anaanza kutukana. Sehemu ya nyuma, inayoshika usawa wa mwili, nayo inalegea na miguu inayumba. Mkitaka kuona kwamba habari hizi ni za zamani, someni Mithali 23:29-35.

Kazi ya kusafisha damu ni ya ini, nalo halina haraka. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Ini linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi chupa hiyo moja inachukua saa 2 hadi 3. Kahawa, limao na maji baridi haviliharakishi.

Sasa, mtu anayekunywa kila siku, ubongo wake unajizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili ushindane na ule uzito. Ni kama kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia mlimani: magunia yakianguka ghafla, anarushwa mbele. Pombe ikikatwa, ubongo unabaki unakimbia bila mzigo. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Mishtuko kama ya kifafa huweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza. Baadaye, mara nyingi siku ya 2 hadi ya 4, wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, hupata homa, na moyo hupiga mbio. Hali hiyo inaua.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa kanisa na akina mama wa maombi: mtu wa namna hiyo asifungishwe siku tatu bila chakula wala maji. Mwili wake tayari una upungufu wa vitamini B1, na upungufu huo ukizidi unaharibu kumbukumbu, pengine moja kwa moja. Maombi yaendelee, lakini yaendelee akiwa kituo cha afya. Huko atapewa vitamini hiyo na dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu. Msimnunulie dawa hiyo wenyewe dukani; ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Hatusemi juu ya aliyelewa siku moja ya harusi. Tunasema juu ya anayekunywa kila siku, hasa anayehitaji kikombe cha asubuhi ili mikono itulie, au aliyewahi kupata mishtuko. Huyo aende kwa daktari kabla ya siku ya kuacha. Akipata mshtuko nyumbani, mlazeni ubavu, ondoeni mawe na vyombo karibu naye, msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.

Tunajua kwa nini wengi walianza. Usiku unaleta tena yale tuliyoyakimbia, na kikombe kinaleta usingizi. Lakini ni usingizi wa nusu usiku. Kilevi kikipungua katika damu, mtu anaamka, moyo unamwenda mbio, ndoto mbaya zinazidi. Kesho yake anaongeza kikombe. Wake zao mnalijua hilo kuliko sisi tunaoandika.

Baada ya wiki moja hatari kubwa kwa kawaida imepita. Mpeni maharage na karanga, vina vitamini B1. Usingizi ndio unaochelewa kurudi, pengine wiki nyingi, na katika wiki hizo atakuwa na hasira za bure. Asiachwe peke yake usiku.