Pesa za Tajiri Zisipitie kwa Namba Yako

Pale Shela, Lamu, mvua za Mei zikianza wageni hupungua na nyumba nyingi za kulala wageni huwa kimya. Tajiri aliyezitumia pesa za Desemba kama za mfukoni mwake hukosa mishahara ya kulipa. Kama unafanya kazi kwa mtu wa aina hiyo, tunakushauri hivi:

1. Mgeni asilipe kwa namba yako. Rekodi itaonyesha wewe ndiye uliyepokea. Pesa zikipotea, utaulizwa wewe. Mwombe tajiri afungue tili ya biashara.
2. Usikope kwa simu ili ununue samaki wa jikoni au mafuta ya boti. Tajiri asiporudisha, deni ni lako na gharama zake ni zako.
3. Hifadhi ujumbe wa kila mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa haki ya kupata hati ya mshahara inayoonyesha makato.
4. Ukikatwa NSSF, hakikisha mwenyewe kwamba imefika.

Usipolipwa, mwone ofisa wa kazi mapema, maana madai yana kikomo cha muda. Na usisahau: mali bila daftari hupotea bila habari.