Ukitoka Ziba kwenda Tabora, ongeza siku moja

Wengi wetu wa Ziba tunaijua Tabora ya mahakamani, ya hospitalini na ya kumpeleka mtoto shule. Tunamaliza shida, tunawahi basi la Nzega, basi. Ukiongeza siku moja tu kwenye safari hiyo, utauona mji uliokua kwa jasho la babu zetu.

Asubuhi na mapema anza na Kwihara, nje kidogo ya mji, kabla jua halijawa kali. Patana na bodaboda bei ya kwenda na kurudi, na akusubiri, maana usafiri wa kutoka kule ni wa kubahatisha. Hapo pana tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya kurudi na Stanley kutoka Ujiji. Nyumba imejengwa upya kwa mtindo wa zamani: kuta nene za udongo, paa bapa, na mlango wa mbao wenye nakshi kama za Pwani. Usiishie kwa Wazungu hao wawili. Mwamkie mzee anayekupokea, kisha umwulize habari za wapagazi wa Kinyamwezi, waliotembea miezi miwili mitatu hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Bila wao hakuna msafara ambao ungefika popote. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa la Kwihara.

Ukirudi mjini, pita stesheni. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na mpaka leo hapa ndipo njia za Kigoma na Mwanza zinapoachana. Boma lao la zamani litazame kwa nje. Limetumiwa na jeshi miaka mingi, kwa hiyo simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe. Tabora Boys, alikosoma Nyerere kuanzia 1937, usiingie kienyeji: pitia ofisini kwanza.

Jioni nenda sokoni. Asali ya miombo omba uionje kabla ya kulipa, na hakikisha kifuniko kinakaza, maana barabara ya kurudi ni ndefu.

Ombi langu ni kwa walimu wa Ziba: watoto wanaosomeshwa habari za misafara darasani wapelekeni Kwihara angalau mara moja, wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu.